Kuboresha michakato ya kazi katika kampuni: mwongozo kamili kwa mwenye karakana, kiwanda au ofisi

Wajapani wana neno ambalo Mswahili akilisoma kwa mara ya kwanza hudhani limeazimwa kwetu: muda. Kwao neno hilo lina maana ya upotevu, yaani kazi, mwendo au kungoja kunakokula nguvu na fedha bila kumwongezea mteja chochote. Sadfa hiyo ya maandishi ina manufaa kwetu, kwa sababu katika kampuni nyingi upotevu mkubwa kuliko wote ni muda kwa maana ya Kiswahili: siku ambazo oda imelala mezani, bidhaa imelala stoo, au ombi limelala kwenye simu ya mkubwa likisubiri jibu. Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kuupata muda huo uliofichika, kuupima, kuupunguza, na kuzuia usirudi.

Ili maelezo yawe na mahali pa kusimama, nitatumia mfano mmoja niliouunda kwa ajili ya mwongozo huu: karakana ya madirisha na milango ya aluminiamu yenye wafanyakazi 12, inayokamilisha wastani wa oda mbili kwa siku. Wateja wake wanalalamika kwamba wanaahidiwa wiki moja na wanapata madirisha baada ya zaidi ya wiki mbili. Mwenye kampuni anaamini kwamba dawa ni mashine mpya ya kukatia. Tutaona kama ni kweli.

Chimbuko la mbinu na ipi inakufaa

Mwaka 1924 Walter Shewhart, mhandisi wa Kimarekani, alichora chati iliyomwezesha msimamizi wa kiwanda kutofautisha mabadiliko ya kawaida ya kila siku na yale yenye sababu maalumu inayostahili kufuatiliwa. W. Edwards Deming, mwanatakwimu wa Kimarekani, aliyabeba mawazo hayo na kuyafundisha kwa wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japani mwaka 1950, wakati nchi hiyo ikijijenga upya baada ya vita. Katika kampuni ya Toyota, Taiichi Ohno na wenzake wakajenga mfumo wa uzalishaji wenye nguzo mbili: kutengeneza kile tu kinachohitajika wakati kinapohitajika, na kusimamisha kazi mara kasoro inapoonekana. Nguzo ya pili ni ya zamani kuliko magari ya Toyota yenyewe. Ilitokana na mtambo wa kufuma nguo wa Sakichi Toyoda, ambao ulijizima wenyewe uzi ulipokatika ili usiendelee kufuma kitambaa kibovu. Uboreshaji wa kidogo kidogo usiokoma, unaofanywa na watu wote kuanzia mfagiaji hadi mkurugenzi, ndio unaoitwa kaizen.

Marekani nayo ilizaa mbinu zake. Mwaka 1986 Motorola, kwa kazi ya mhandisi wake Bill Smith, ilianzisha Sigma Sita, yenye shabaha ya kasoro zisizozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea, na General Electric ikaichukua mwaka 1995 chini ya mkuu wake, Jack Welch. Naye Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, alieneza katika miaka ya 1980 hoja kwamba kila mchakato una mahali pamoja panapobana kuliko pengine, na kwamba juhudi inayowekwa mahali pengine popote haiongezi kinachotoka mwishoni.

Msomaji asihangaike kuchagua dhehebu. Sigma Sita inafaa pale ambapo jambo lilelile linarudiwa maelfu ya mara na tofauti ndogo za vipimo haziwezi kuonekana kwa macho, kama kujaza chupa au kuchakata miamala ya benki. Karakana yenye oda 50 kwa mwezi ikianza kuhesabu kasoro kwa milioni itakuwa inajipamba tu. Kwa kampuni ndogo na za kati, mchanganyiko wa macho ya Ohno, hoja ya Goldratt na daftari la mahesabu unatosha kwa miaka kadhaa ya mwanzo.

Hatua ya kwanza: chagua mchakato mmoja na uuwekee mipaka

Mchakato ni mfululizo wa kazi unaoanza na ombi la mtu na kuishia na mtu huyo kupata alichoomba. Chagua mmoja, ule ambao wateja wanaulalamikia zaidi au unaofunga fedha nyingi zaidi, kisha andika kwa sentensi moja unaanzia wapi na unaishia wapi. Katika karakana yetu: unaanza siku mteja anapolipa advansi na unaishia siku anapokabidhiwa dirisha likiwa limefungwa ukutani. Mpaka huu unaonekana mdogo lakini huzuia mabishano mengi, kwa kuwa bila mpaka fundi atahesabu kazi yake tangu alipopokea vifaa, mhasibu tangu alipoona fedha, na kila mmoja atathibitisha kwa takwimu kwamba yeye hakuchelewesha.

Hatua ya pili: nenda ukaone

Husimuliwa kwamba Ohno alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda, akimsimamisha msimamizi ndani yake kwa saa kadhaa, na kurudi baadaye kumuuliza ameona nini. Jibu likimridhisha, msimamizi alitoka. Lisipomridhisha, aliendelea kusimama. Sikushauri kumwekea mtu mzima duara, ila somo lake lichukuliwe kwa uzito: mchakato ulioandikwa kwenye mwongozo wa kampuni, mchakato ulio kichwani mwa meneja na mchakato unaofanyika kweli ni mambo matatu tofauti, na ni huo wa tatu tu unaomgusa mteja.

Njia iliyo bora ni kuifuata oda moja kwa miguu. Shika karatasi ya oda iliyolipiwa leo asubuhi na uandamane nayo. Andika saa inapofika kwa karani, saa anapoigusa, saa anapoiweka chini, na mahali anapoiweka. Inapolala, andika kwamba imelala na inamsubiri nani au nini. Inapohama kutoka ofisini kwenda stoo, tembea nayo na uhesabu hatua. Ikikaa siku tatu, rudi siku tatu mfululizo uitazame. Fanya hivyo kwa oda tano au sita zenye ukubwa tofauti, kwa sababu oda moja inaweza kuwa na bahati yake au nuksi yake.

Kabla ya kuanza, waeleze wafanyakazi unachokifanya na kwa nini, na ueleze kwa uwazi kwamba unaifuata kazi, humfuati mtu. Mtu mwenye kalamu anayesimama nyuma ya fundi bila maelezo huonekana mpelelezi, na fundi anayepelelezwa hufanya kazi kwa namna ambayo hatairudia akishaachwa peke yake, hivyo kila utakachoandika kitakuwa uongo wa adabu. Uliza zaidi ya unavyoeleza. Swali linalofungua mengi kuliko yote ni hili: "Nini kilikufanya usimame leo?" Fundi ana majibu ya miaka ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ukimaliza, chora mchakato mzima kwenye karatasi kubwa ukutani, kila kituo kikiwa kisanduku na kila kungoja kukiwa pembetatu kati ya visanduku. Wafanyakazi wenyewe wachore. Watabishana, na ubishi huo una faida, kwa kuwa mara nyingi itakuwa mara ya kwanza mfungaji wa madirisha kujua kwa nini stoo hufungwa saa tisa alasiri.

Hatua ya tatu: pima kungoja na kazi, kila kimoja peke yake

Tuseme karakana yetu imefuatwa na haya yamepatikana. Kazi yenyewe ya mikono kwa oda ya kawaida ni saa 8 na nusu: kukata profaili (vyuma virefu vya aluminiamu vya kutengenezea fremu) saa 1 na nusu, kutoboa na kuunganisha saa 3, kuweka kioo na raba saa 1 na nusu, na kufunga kwenye nyumba ya mteja saa 2 na nusu. Hiyo ni takriban siku moja ya kazi. Lakini tangu advansi hadi makabidhiano zinapita siku 15 za kazi. Siku moja hupotea oda ikisubiri kuandikwa karatasi ya kazi, siku 5 ikisubiri idhini ya ununuzi na profaili kufika, siku 2 kwenye foleni ya kukata, siku 4 ikisubiri kioo, na siku 2 ikisubiri gari na mafundi wa kufunga.

Siku 15 za saa nane ni saa 120. Saa 8 na nusu kati ya hizo ni kama asilimia 7. Sasa tuirudie mashine mpya ya kukatia: hata ingekuwa ya ajabu kiasi cha kukata profaili zote kwa nusu ya muda, ingeokoa dakika 45 za kazi katika safari ya siku 15. Foleni ya mbele yake ingepungua pia, lakini foleni hiyo ni siku 2 tu. Mwenye kampuni angetumia mamilioni, na mteja angeendelea kulalamika kama kawaida.

Kuna kanuni moja ya hesabu ambayo kila msimamizi anapaswa kuijua, iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961. Muda ambao oda hukaa ndani ya mchakato ni sawa na idadi ya oda zilizo ndani kugawanywa kwa idadi ya oda zinazotoka kila siku. Karakana ina oda 30 zilizolipiwa na hazijakabidhiwa, na inakamilisha 2 kwa siku. 30 gawanya kwa 2 ni siku 15. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba huhitaji saa ya mkononi. Hesabu oda zilizo wazi asubuhi, hesabu zinazotoka kwa wiki, na utajua mteja wa leo atasubiri kiasi gani, hata kama karani amemwahidi wiki moja kwa tabasamu.

Kanuni hiyo inaonyesha pia milango miwili ya kupunguza siku. Ama uongeze zinazotoka, ama upunguze zilizo ndani. Kampuni nyingi hukimbilia mlango wa kwanza na kuusahau wa pili. Oda zikiwa ndani 12 badala ya 30, kwa kasi ileile ya 2 kwa siku, safari inakuwa siku 6. Na kama vifaa vya kila oda vinanunuliwa mwanzoni kwa wastani wa shilingi 800,000, oda 30 zimefunga shilingi milioni 24 katika vyuma na vioo vilivyolala, ilhali oda 12 zitafunga shilingi 9,600,000. Tofauti ya shilingi 14,400,000 ni mtaji ambao haukuombwa benki na haulipiwi riba. Mara nyingi faida ya kwanza ya uboreshaji huonekana hapa, kwenye fedha taslimu, miezi kadhaa kabla haijaonekana kwenye mauzo.

Hatua ya nne: tafuta panapobana, hata kama ni kwako

Tazama tena orodha ya kungoja. Penye siku nyingi ni kwenye idhini na ununuzi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa kwamba mwenye kampuni huidhinisha kila ununuzi mwenyewe na huenda dukani Jumanne na Ijumaa. Alianza hivyo alipokuwa na fundi wawili, baada ya kuibiwa, na utaratibu uliomwokoa wakati huo ndio unaomnyonga sasa. Mafundi hukaa kivulini wakingoja profaili huku wateja wakipiga simu, na bosi anawaona wamekaa, naye anahitimisha kwamba tatizo ni uvivu.

Ni jambo gumu kumwambia mtu kwamba kikwazo ni saini yake. Ndiyo maana hatua ya pili na ya tatu ni lazima zitangulie: karatasi iliyochorwa ukutani na wafanyakazi kwa pamoja, yenye siku 5 zilizoandikwa kwa wino, husema kile ambacho karani hawezi kusema. Dawa yake haihitaji kuondoa udhibiti. Mtunza stoo apewe mamlaka ya kununua vifaa vya oda yoyote ambayo advansi yake imeingia, hadi kiwango cha fedha kilichokubaliwa, na bosi akague risiti kila jioni badala ya kuidhinisha kabla. Wizi hugunduliwa vizuri zaidi kwa ukaguzi wa kila siku kuliko kwa saini inayotiwa kwa haraka juu ya rundo la karatasi mara mbili kwa wiki.

Kwa profaili zinazotumika karibu kila siku, tumia kadi. Ohno alizuru Marekani mwaka 1956 na akavutiwa na namna rafu za supamaketi zinavyojazwa: kinachochukuliwa ndicho kinachorudishwa, wala si zaidi. Katika stoo ya karakana, kadi moja huning'inizwa kwenye profaili ya kumi kutoka chini. Yeyote anayeifikia humpelekea mtunza stoo, na kadi hiyo ni agizo tosha la kununua. Hakuna kikao, hakuna kumbukumbu ya kichwani.

Hatua ya tano: chimba chanzo cha kasoro

Kungoja ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kazi inayofanywa mara mbili. Bandika karatasi karibu na meza ya kuunganishia, funga kalamu kwa kamba ili isitembee, na kila dirisha linaporudiwa fundi aweke mstari mmoja chini ya sababu husika. Baada ya oda 40, tuseme 14 zimerudiwa: 8 kwa sababu vipimo havikulingana na ukuta, 3 kwa kioo kuvunjika, 2 kwa rangi ya profaili kukosewa na 1 kwa kitasa kibovu. Joseph Juran, aliyefundisha Japani kuanzia mwaka 1954, alisisitiza kwamba sababu chache hubeba sehemu kubwa ya madhara, na karatasi yetu inamwunga mkono. Achana na vitasa kwa sasa. Anza na vipimo.

Hapa ndipo hutumika desturi ya Toyota ya kuuliza kwa nini mara tano. Kwa nini dirisha halikuingia? Kwa sababu nafasi ya ukutani ni ndogo kwa sentimita 2 kuliko kipimo. Kwa nini? Kwa sababu kipimo kilichukuliwa kabla ya plasta kupigwa. Kwa nini kilichukuliwa mapema? Kwa sababu muuzaji hawezi kutoa profoma bila kipimo, na mteja hatoi advansi bila profoma. Kwa nini kipimo hicho ndicho kilichotumika kukatia? Kwa sababu karatasi ya kazi hunakiliwa kutoka kwenye profoma. Kwa nini hunakiliwa? Kwa sababu utaratibu wetu una kipimo kimoja tu, kinachotumika kwa mambo mawili yasiyolingana: kukadiria bei na kukata chuma.

Angalia mahali ambapo maswali yangeweza kukomea. Ukisimama kwenye swali la pili, utamkaripia mpimaji, utamkata mshahara, na madirisha yataendelea kukataa kuingia. Maswali yakiishia kwenye jina la mtu, jua kwamba hayajafika. Yakifika kwenye utaratibu, dawa huonekana yenyewe: kipimo cha kwanza kiwe cha bei, na kipimo cha pili kichukuliwe baada ya plasta, kabla ya chuma kukatwa. Gharama yake ni nauli ya bodaboda na saa moja ya mtu, dhidi ya profaili zilizotupwa na siku ya fundi iliyopotea.

Hatua ya sita: jaribu kwa udogo

Usitangaze utaratibu mpya kwa kampuni nzima siku ya Jumatatu. Deming alifundisha mzunguko wa kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha, na sehemu inayorukwa na wengi ni ya tatu. Chagua oda 10 zijazo. Andika unachotarajia kabla ya kuanza, kwa mfano kwamba hakuna hata moja kati ya hizo 10 itakayorudiwa kwa sababu ya vipimo. Kisha tenda, na mwisho linganisha. Usipoandika matarajio mapema, matokeo yoyote yataonekana mafanikio.

Katika majaribio hayo, ufanye utaratibu sahihi uwe rahisi kuufuata na ule wa makosa uwe mgumu. Shigeo Shingo, mmoja wa wahandisi mashuhuri wa mbinu hizi, alikutana mwaka 1961 na kiwanda ambacho wafanyakazi walisahau kuweka springi moja kati ya mbili ndani ya swichi. Mahubiri ya kuwataka wawe makini hayakusaidia. Alichopendekeza ni kwamba mfanyakazi aziweke kwanza springi zote mbili kwenye kisahani kidogo, kisha ndipo aunganishe. Springi ikibaki kisahanini, kosa limeonekana kabla swichi haijafungwa. Kisahani cha karakana yetu ni sanduku moja kwenye karatasi ya kazi lenye maneno "Plasta imekamilika, kipimo cha pili kimechukuliwa", lenye nafasi ya tarehe na saini. Mkataji hapokei karatasi yenye sanduku tupu, hata ikiletwa na bosi.

Suala la mafungu ya kazi linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa kuna hoja ya haki pande zote mbili. Mkataji hupenda kukusanya oda tano au sita za rangi moja na kuzikata pamoja, ili vipande vya mabaki vipungue. Anaokoa chuma kwa kweli. Lakini oda ya kwanza kwenye fungu inaisubiri ya sita. Badala ya kumkataza, punguza sababu inayomfanya akusanye. Shingo alifanya hivyo Toyota mwaka 1969, pale ambapo kubadilisha kalibu ya mashine kubwa ya kukandamiza vyuma kulichukua saa nne: kwa kuandaa nje ya mashine kila kinachoweza kuandaliwa kabla haijasimama, muda ulishuka hadi dakika 90, na hatimaye kufikia dakika 3. Kwa mkataji wetu, kinachohitajika ni rafu ya mabaki iliyopangwa kwa rangi na urefu, ili kipande cha kesho kipatikane kwa nusu dakika.

Kupanga rafu kunatuleta kwenye mbinu ambayo wengi Tanzania wanaijua kwa S tano. Sekta ya afya ya nchi hiyo ilipoianza katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, maneno matano ya Kijapani yalipewa Kiswahili kinachoshika herufi ileile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Sasambua ni kuondoa kisichohitajika, seti ni kukipa kila kilichobaki mahali pake, safisha inajieleza, sanifisha ni kuweka utaratibu mmoja kwa wote, shikilia ni kuudumisha. Makampuni mengi hufika safisha, hupiga picha, na huishia hapo. Stoo inayong'aa ambayo oda bado zinalala siku 5 haijaboreshwa, imepakwa rangi.

Ikiwa majaribio yamefaulu, na kuondoka kwa saini kumeinua kasi kutoka oda 2 hadi 2 na nusu kwa siku, usitarajie siku 15 ziwe 6 mara moja. Wateja wanaendelea kuleta oda 2 kwa siku, hivyo rundo la 30 linapungua kwa nusu oda tu kila siku, na kuondoa 18 kutachukua siku 36 za kazi. Mwambie mkurugenzi hesabu hiyo mapema, la sivyo atakata tamaa wiki ya pili. Katika kipindi hicho usianze kukata oda mpya kabla moja haijatoka, na karani ampe mteja tarehe inayotokana na kanuni ya Little.

Hatua ya saba: andika kiwango, kisha kiruhusu kibadilike

Kilichothibitika kiandikwe kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha fundi, kwa picha pale inapowezekana, na kibandikwe mahali kazi inapofanyika. Mwandishi awe fundi mwenyewe. Weka tarehe juu yake, na iwe kawaida kuibadilisha tarehe hiyo. Ukurasa uliobandikwa miaka mitatu bila kuguswa hausomwi tena na mtu. Kuweka mfumo wa kompyuta kufikiriwe baada ya hatua hii. Programu iliyonunuliwa kabla ya mchakato kunyooshwa huchukua vurugu ileile na kuiongezea nywila.

Hatua ya nane: watu

Mwaka 1984 Toyota na General Motors zilifungua pamoja kiwanda cha magari huko Fremont, California, ndani ya jengo ambalo General Motors ilikuwa imelifunga miaka miwili kabla kwa sababu ya ubora duni na migogoro ya kazi. Sehemu kubwa ya wafanyakazi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Walipewa mafunzo, na walipewa pia kamba juu ya mstari wa uzalishaji ambayo yeyote angeweza kuivuta kuomba msaada, na hata kuusimamisha mstari, akiona kasoro. Katika muda mfupi ubora wa magari yao ukalingana na wa viwanda vya Japani. Ninaurudia mfano huu kila ninaposikia kwamba mbinu hizi haziwezekani kwetu kwa sababu ya wafanyakazi tulionao.

Kamba hiyo ina sharti lake, nalo ni kwamba anayeivuta asiadhibiwe. Sharti la pili ni zito zaidi: muda uliookolewa usigeuzwe barua za kuwaachisha watu kazi. Fundi aliyeonyesha namna ya kufanya kwa saa 6 kazi ya saa 8, kisha rafiki yake akaondolewa, hataonyesha tena jambo lolote, na wenzake watakuwa wamejifunza kimyakimya. Tangaza mapema kwamba nguvu iliyopatikana itatumika kwa oda zaidi, mafunzo, au kurudi nyumbani mapema siku za Jumamosi, na ulitimize.

Kinachobaki ni ubao na dakika 10. Kila asubuhi saa mbili, watu wote 12 wasimame mbele ya ubao wenye namba nne tu: oda zilizo ndani, zilizotoka jana, zilizorudiwa, na ile iliyolala siku nyingi kuliko zote ikiwa na sababu yake. Kikao kifanyike kwa kusimama, kwa kuwa viti huzaa hotuba. Aliyekwama jana aseme, na jina la atakayemsaidia liandikwe pamoja na tarehe. Mara moja kwa mwezi, ifuateni oda moja kwa miguu kama mwanzo. Saini ikishaacha kubana, foleni itahamia kwenye vioo, ambako bado kuna siku 4, na huko msambazaji ni kampuni nyingine yenye taratibu zake. Mazungumzo yaanze naye akiwa mbele ya mchoro uleule wa ukutani, kwa kumwuliza fundi wake wa kukata vioo nini kilimfanya asimame leo.